Kura ya Mke wa Mgombea

Angeline Awuor ni mtu wa kawaida, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia hivyo hivyo, kisha ataendelea na kazi yake. Anatunza wazee katika nyumba ya wazee upande wa Nechells, mjini Birmingham, Uingereza. Anawaogesha, anawavalisha, anawalisha, na anaitika wanapomwita kwa majina ya binti zao waliokwisha kuhamia Australia. Anakaa Bordesley Green, kwenye mtaa wa nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, pamoja na mumewe Fanuel, anayeendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala, na binti yao Brigid, ambaye huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Jumapili wanasali na Wakenya wenzao. Hapigi domo, hakopi vitu vya watu, na samaki wake wa kukaanga wanasifiwa mpaka Newtown. Ila alikuwa na jambo moja lililomtenga na wanawake wenzake: aliogopa uchaguzi. Hakuuchukia, aliuogopa. Akilisikia neno lenyewe redioni, alizima redio.

Na hakuwa mwoga wa bure. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa alipokuwa akifunga maua katika shamba moja la Naivasha, akikaa chumba cha kupanga na kaka yake Eric. Eric alikuwa ajenti wa chama, kijana mwenye maneno mengi na kicheko cha bure, na alikuwa amebandika picha ya mgombea wake mlangoni. Matokeo yakatangazwa, nchi ikawaka moto. Naivasha ikatulia karibu mwezi mzima, wakadhani shari imewapita kando. Asubuhi moja wakaamka wakakuta baadhi ya milango ya vyumba vya ploti ile imetiwa alama ya chaki, mingine haina kitu. Eric akasema ni watu wa kuhesabu nyumba. Angeline akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Aliporudi mlango haukuwepo, na Eric hakuwepo, na harufu ile mpaka leo hajapata kumwelezea mtu.

Alikaa kwenye uwanja wa kituo cha polisi na nguo aliyokuwa nayo mwilini, bila kitambulisho wala cheti cha shule, na kwa kila aliyekuja na kalamu kumuuliza yeye ni nani, Angeline hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Tangu siku hizo, kila karatasi ya nyumba yake hukaa kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye zipu, nyuma ya unga. Pasipoti, leseni, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyote pamoja. Fanuel alikuwa akimtania kwamba siku nyumba ikishika moto, mkewe ataokoa makaratasi kwanza, mume baadaye. Angeline hakuwahi kucheka.

Basi fikiria mwanamke huyo, yuko jikoni anageuza ugali, na mumewe anaingia, hata koti hajavua, anamwambia hivi:

"Mama Brigid, nimeamua. Nasimama ubunge."

Angeline aliendelea kusonga ugali kwa muda, kana kwamba asipogeuka maneno yale yatarudi yalikotoka. Halafu akauliza ni kwa chama gani. Fanuel akasema hakuna chama, anasimama peke yake, independent. Hapo ndipo alipouachia mwiko. Mwenye chama angalau ana watu mgongoni. Anayesimama peke yake, akipigwa nani atamwokota?

Fanuel alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu nzuri, ndiyo maana haikuwezekana kumzuia. Kuta za nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimeota kuvu, watoto wanakohoa mwaka mzima, wenye nyumba hawashiki simu, na kila aliyekwenda kumlalamikia mbunge aliambiwa aache ujumbe. Fanuel alishaacha ujumbe mpaka akachoka. Akaona badala ya kuendelea kubisha mlango, heri akaombe ufunguo. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mpole lakini king'ang'anizi, na Angeline alimpenda kwa mambo yote mawili.

Kwa hiyo hakumkatalia. Alimwekea masharti. Anwani yao isiandikwe kwenye karatasi ya kura. Mikutano isifanyike nyumbani. Na bango la Fanuel lisibandikwe mlangoni wala dirishani, hata dogo. Fanuel akakubali yote bila kubisha, na hilo la tatu lilimgharimu, maana mabango yake yalikuwa yakionekana kwenye madirisha ya mtaa mzima, mpaka dukani kwa mzee Chhotubhai, aliyezaliwa Kisumu na aliyempigia debe kwa kila aliyekuja kununua vitunguu. Nyumba ya mgombea peke yake ndiyo iliyokuwa na dirisha tupu. Watu hawakukosa kusema. Roselyne, kiongozi wa kwaya, alimuuliza Angeline mbele ya wenzao kama na yeye bado ni katika wale ambao hawajaamua. Wakacheka. Angeline akacheka nao, kicheko kisichofika machoni.

Kilichokuwa moyoni mwake hakikuwa cha kuambiwa mtu wa kwaya. Kila usiku kabla ya kulala alikuwa akimwombea mumewe, na ombi lenyewe lilikuwa hivi: Bwana, mpe afya, mpe amani, na umnyime kura. Alijua ni ombi baya. Alilisema hivyo hivyo. Aliona kwamba mgombea akishindwa hurudi nyumbani, hukasirika siku mbili tatu, kisha huenda kazini. Akishinda, jina lake haliwi lake tena. Kila mwenye hasira anajua pa kuipeleka. Eric hata mgombea hakuwa, alikuwa na picha tu mlangoni.

Mwanzoni Mungu alionekana kumsikiliza. Fanuel alikuwa akirudi na viatu vimelowa, akisema mlango mmoja amefungiwa, mwingine ameelezwa habari za paka. Alisikitika hasa kwamba huku mgombea huru hapewi hata alama ya uchaguzi. Kwetu, alisema, angepewa birika au tochi, watu wangemkumbuka. Lakini siku zilivyosogea upepo ukageuka. Vijana wa Kisomali wakaanza kumwita kwa jina akipita. Wanawake wa Kipakistani wakampa namba za majirani zao wenye kuvu. Siku moja Angeline yuko kituo cha basi, amevaa sare yake ya kazi, akasikia wanawake wawili wasiomjua wakisema kura yao watampa yule mtu wa foklifti. Mke mwingine angefurahi. Yeye alibaki amekaa, basi likaja likaondoka bila kumchukua.

Siku mbili kabla ya kura alirudi kutoka zamu ya usiku asubuhi kweupe. Alipoingia mtaani kwao aliona kitu chini, mbele ya mlango wake. Kwenye mawe ya njia ya miguu palikuwa na mshale wa rangi ya buluu, umeelekezwa mlangoni kwake, na kando yake msalaba mdogo na herufi mbili asizozielewa. Rangi ilikuwa mbichi. Alisimama pale na mkoba wake begani. Kisha akafanya alichofundishwa na maisha: akatembea mtaa mzima kuangalia milango ya wengine. Kwa Wapakistani, hakuna. Kwa yule bibi wa Ireland, hakuna. Kwa Wapolandi, hakuna. Aliporudi upande wake akaona alama nyingine kama ile, mbele ya mlango uliopakana na wake, nao ulikuwa mlango wa Barwako.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Angeline aliijua methali hiyo, na alijaribu kujiambia kwamba huu ni ung'ong'o. Akagonga kwa Barwako ili apate wa kumcheka. Barwako ni Msomali aliyekulia Garissa na Eastleigh, mwanamke wa kutania kila kitu, anayeishi na mume, watoto wakubwa na mama mkwe asiyetoka kitandani. Alitoka na ndala, akautazama mshale ule, akautazama wa kwa Angeline, na hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Eastleigh, mwaka wa ule msako wa Wasomali, askari waliweka chaki kwenye milango. Akaingia ndani, akarudi na bahasha.

"Dada, hizi ni passport zetu zote. Mimi siwezi kutoka, mama yuko kitandani. Wewe ukienda, enda nazo. Zikichomeka tutakuwa nani?"

Hofu ya mtu mmoja unaweza kuiita wasiwasi. Zikishakuwa mbili, kila moja inakuwa shahidi wa mwenzake. Angeline aliipokea bahasha ile, na tangu hapo hakuwa na shaka tena.

Alimpigia Fanuel, aliyekuwa ameshatoka kubisha milango ya watu. Fanuel akasema hiyo ni rangi ya watu wa maji, huwa wanapaka kabla ya kuchimba, ameiona Small Heath, ameiona kila mahali. Angeline akamuuliza kwa nini basi iwe kwao na kwa Barwako tu. Fanuel akasema watazungumza jioni. Jioni alirudi amechoka, akalala na viatu kwenye kochi, wala hawakuzungumza. Siku ya pili yake, alipotoka tu, Angeline aliutoa mfuko wa zipu nyuma ya unga, akaitia ndani bahasha ya Barwako, akampangia Brigid nguo, akaacha chakula cha mume kwenye friji, na kumwandikia ujumbe kwamba wamekwenda Leicester kwa binamu yake, afunge mlango na asikae chumba cha mbele. Brigid alipinga tangu sebuleni mpaka kituo cha treni.

"Mum, it's literally paint," alisema, yaani ni rangi tu, basi.

Angeline alimshika mkono kama mtoto mdogo, akaushika kwa nguvu mpaka binti akanyamaza.

Leicester hakulala. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la binamu yake, simu mapajani, akingoja habari ya moto. Alfajiri hapakuwa na habari. Akapika uji, hakuunywa. Ilikuwa sasa siku yenyewe ya kura. Mchana Fanuel akapiga. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

"Mama Brigid, passport yangu uko nayo?"

Hapo Angeline akakumbuka. Katika nchi hii sasa hupigi kura bila kuonyesha kitambulisho chenye picha, na kila kitu chenye picha ya Fanuel kilikuwa kwenye mfuko wa zipu, mezani kwa binamu, Leicester. Alikuwa amebeba kila karatasi kama mtu anayekimbia vita, na kumwacha mgombea bila uso. Fanuel akaeleza kwamba alikwenda pale shuleni penye kituo cha kura na watu wake nyuma, mmoja anapiga picha. Karani akamuuliza kitambulisho. Akatoa kadi ya ghalani, karani akamwambia kwa adabu sana kwamba haikubaliki. Akatoka nje mbele ya foleni nzima, na foleni yote ilikuwa inamjua. Watu wa kwa Barwako nao walikuwa wamekaa nyumbani na miguu yao mizima, kura zao zikiwa ndani ya bahasha ile ya pasipoti. Barwako aliona haya hata kumpigia.

Akaongeza kwamba watu wa maji walifika asubuhi, wamechimba, wameonekana hata na mzee Chhotubhai. Ni bomba kuukuu, nyumba hizo mbili zinatumia moja, linavuja.

"Hata Eric alisema ni watu wa kuhesabu nyumba," Angeline akajibu.

Katika miaka yote ya ndoa yao Fanuel alikuwa amesikia jina hilo mara chache sana, na kila mara alijua kutolijibu. Mwisho akasema hamlazimishi, ila akitaka kuja, mlango wa kura unafungwa saa nne usiku.

Binamu akashauri pasipoti ipelekwe na mtu. Mtu yupi? Brigid, aliyekuwa amesikia yote, akasimama akauchukua mfuko mezani na kuanza kuvaa viatu. Akasema, "I'll take it. I'm not letting Dad look stupid." Hakutaka baba yake aonekane mjinga, na alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mama yake. Mtoto aende peke yake kwenye mlango uliotiwa alama? Angeline akavaa koti.

Ndani ya treni kila mwanamume aliyemtazama alikuwa ametumwa. Mwenye kofia alikuwa amemtambua. Aliyekuwa akiongea kwa simu alikuwa akitoa taarifa. Alijua si kweli, na kujua hakukumsaidia kitu. Brigid akamshika mikono yote miwili na kuiweka mapajani pake. Kutoka katikati ya mji wakapanda basi, wakashuka, wakaingia mtaani, na mbele ya nyumba yake Angeline akaona kundi la wanaume wenye sepetu, jaketi za rangi ya chungwa, na lundo la udongo limefika karibu na kizingiti.

Alisimama kwenye kona akiwa ameshika ukuta wa mtu, na akilini hakuwa Birmingham, alikuwa Naivasha. Brigid alitangulia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo, akasema neno na mmoja wao, na yule mwanamume, mzee mwenye mvi na tope mpaka mapajani, akaweka ubao juu ya shimo na kumnyooshea Angeline mkono ili avuke. Ndani ya shimo palikuwa na maji ya matope na bomba jeusi limepasuka. Angeline aliyatazama maji yale kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akavuka, akampelekea Barwako bahasha yake, na Barwako akamkumbatia, wakacheka kidogo, wakalia kidogo.

Fanuel alikuwa akingoja kwenye lango la shule. Alipokea pasipoti, akaitazama picha yake, akamtazama mkewe. Hakumlaumu, hata kwa macho. Waliingia pamoja, wakapewa karatasi zao, kila mmoja akaenda kwenye kibanda chake cha mbao.

Na pale, mbele ya penseli iliyofungwa kwa kamba, peke yake kabisa kwa mara ya kwanza tangu juzi, Angeline alisoma majina kutoka juu hadi chini. La mumewe lilikuwa limechapwa vizuri, herufi nyeusi, bila picha ya birika wala tochi. Alikuwa amerudi kwa ajili ya jina hilo. Alikuwa amevuka shimo. Akaishika penseli, akaipeleka kwenye mraba wa Fanuel, ikasimama hapo. Akawaza: akishinda, je? Kesho rangi nyingine, na keshokutwa nyingine, na siku moja isiwe ya watu wa maji. Nani ataniambia ipi ni ipi? Alimpenda. Alimtaka hai, akilalamikia kuvu, akilala na viatu kwenye kochi. Akaishusha penseli mpaka kwenye jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona, mtu aliyekuwa na chama kikubwa mgongoni, akamtilia alama, akakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni.

Nje Fanuel alikuwa amesimama juani, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamshika bega.

"Hata nikipata mbili tu," akasema, "yako na yangu, zimenitosha. Umerudi."

Angeline akamwambia waende nyumbani, hajala tangu jana.

Fanuel alishindwa. Lakini alishindwa kwa heshima, wa tatu katika wengi, mbele ya watu waliokuwa na ofisi na magari ya vipaza sauti. Jumapili ile nyumba yao ilijaa. Wakaja wa kanisani na sufuria zao, akaja mzee Chhotubhai na peremende, Barwako akaleta sambusa na mumewe, na kuta za sebule zikawa na jasho la watu. Angeline alihudumia wote. Moyo wake ulikuwa umetulia, na alianza kuamini kwamba yamekwisha, kwamba alichokifanya kimekwenda na maji.

Ndipo Fanuel akasimama, sahani mkononi, akaomba dakika moja. Akashukuru watu. Akasema wengi wanamwona shujaa, lakini shujaa wa nyumba ile ni mwanamke mmoja aliyekuwa na sababu ya kukimbia na akarudi, akiogopa, ili mumewe asiaibike. Akasema hilo ndilo limemfanya aamue: uchaguzi ujao anasimama tena. Mgombea anahitaji wapiga kura kumi wa kumdhamini, nao jina la kwanza litakuwa la mkewe, kwa sababu hakuna kura aliyoipata ambayo ana uhakika nayo kama ile.

Watu wakapiga makofi. Roselyne akapiga kigelegele. Wote wakageuka kumtazama Angeline, wakingoja, na akasema sawa.

Kisha akaenda jikoni kuongeza maji ya chai. Miaka yote aliwaogopa watu wa nje, wasio na sura, wenye chaki. Sasa aliyemtia hofu alikuwa sebuleni, anacheka, akimwita kwa sauti aje aketi karibu naye. Angeline alifungua bomba, akaacha maji yatiririke, akajibu kwamba anakuja.